UZI: Ughaibuni, mtaa ndio unaoamua mtoto asome afike wapi, au ni mzazi?

Kibaraza #1
Habari za jioni wakuu.

Tunaishi Sweden, mtaa wa maghorofa ambao karibu wakazi wote ni wageni: Wasomali, Waeritrea, Wakongo, Waafghani, Wairaki. Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi. Juzi mwalimu wake kaniita pembeni akaniambia, kama mnaweza kuhama, hameni kabla hajaingia madarasa ya juu. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayemtakia mtoto mema, na ndiyo maana imeniingia. Walimu darasani kwao hawakai, kila muhula sura mpya. Na Kiswidi anachokiongea ni cha wenzake, ambao nao wamejifunza palepale uwanjani.

Mke wangu hataki kusikia habari ya kuhama. Anasema hapa majirani wanatujua, mtoto akitoka shule kabla yetu kuna mtu wa kumfungulia mlango. Huko kwa wenyeji kodi ya nyumba itatulazimu sote wawili kuongeza shifti, na mtoto atabaki na funguo shingoni.

Msimamo wangu ni huu: mtaa ndio unaosomesha, mzazi anasindikiza tu. Anayepinga alete hoja.

Sindano #2
Napinga. Mtaa haumkalishi mtoto mezani na daftari. Zima televisheni, kagua kazi zake kila jioni, nenda vikao vya wazazi. Sisi tunabeba boksi toka alfajiri, tukirudi tunalala, halafu lawama tunampa jirani.

Mama Wawili #3
Sindano, nani amkalishe mezani kama baba yuko shifti ya usiku na mama ya alfajiri? Na akimkalisha, amfundishe sehemu za hesabu kwa lugha gani? Mimi nina wawili. Mkubwa alinipita kwa lugha akiwa darasa la pili, tangu hapo yeye ndiye anayenisomea barua za shule. Fikiria, mtoto anamsomea mama barua inayolalamika kuhusu tabia yake yeye mwenyewe!

Mchambuzi Huru #4
Jambo hili lilishapimwa. Marekani, kuanzia 1994 hadi 1998, familia kama 4,600 za kwenye nyumba za umma huko Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Zilizoshinda zilipewa vocha ya kwenda kupanga kwenye mtaa wenye umaskini mdogo. Baadaye wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakafuatilia watoto. Waliohama kwa vocha ile kabla ya kufika miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa kama asilimia 31, na wengi zaidi waliingia vyuoni. Waliohamishwa wakiwa wameshakua hawakupata kitu, na dalili zilionyesha hata walirudi nyuma.

Hapo ndipo utaona mtaa unavyobadilisha maisha ya watoto wa wahamiaji. Kibaraza, wako ana kumi. Saa inakwenda.

Kalamu Nyekundu #5
Mchambuzi, turekebishe hapo. Lile jaribio halikuwa la wahamiaji. Wengi walikuwa Wamarekani weusi na familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini, maskini wa nyumba za umma. Pili, umeruka sehemu ya katikati: walipopimwa kwa mitihani ya shule miaka ya mwanzo, alama hazikupanda kwa kiasi cha kujivunia. Sababu moja ni kwamba familia nyingi zilihama mtaa lakini watoto wakaendelea na shule zisizotofautiana sana na za zamani. Kilichoonekana mapema ni afya, hasa ya akina mama.

Kwa wahamiaji hasa, ushahidi mzuri uko hapohapo kwa Kibaraza. Kuanzia 1985 hadi 1994 Sweden ilikuwa inawapangia wakimbizi mahali pa kwenda kukaa, hawachagui wenyewe. Kwa hiyo mtu hawezi kusema wazazi wenye bidii ndio waliokimbilia mitaa mizuri. Olof Åslund, Per-Anders Edin, Peter Fredriksson na Hans Grönqvist walitumia mpango huo kupima alama za watoto, wakachapisha 2011. Walichokuta ni kwamba alama zilipanda kadiri mtaa aliopangiwa mtoto ulivyokuwa na watu wazima wengi wenye elimu ya juu wa asili moja na yeye. Ongezeko lenyewe si kubwa, ila lipo.

Kwa hiyo swali la "wageni ni wengi au wachache" ni dogo. Kubwa ni hawa wageni ni akina nani, na wanajua nini.

Sindano #6
Kalamu kaja na wino wake, na safari hii kanisaidia mimi. Watu wazima wenye elimu ndio wazazi haohao.

Kalamu Nyekundu #7
Si wazazi wa mtoto. Ni wazazi wa wenzake. Majirani.

Mchambuzi Huru #8
Hata wasipokuwa wahamiaji, hoja ya umri iko palepale. Mtoto mdogo mtaa unamkaa mwilini, mkubwa unamng'oa tu alikozoea.

Mama Wawili #9
Nikupeni mfano wa alichosema Kalamu #5. Jengo tulilokaa mwanzo lilikuwa na baba mmoja wa Kikongo, kwao alikuwa mhandisi, huku anaendesha basi. Jumamosi mchana mlango wake ulikuwa haufungwi. Watu wanapanga foleni kwenye ngazi na bahasha za shule mikononi. Yeye anasoma, anapigia mstari tarehe kwa kalamu, anakwambia hii tupa, hii jibu kabla ya Ijumaa, hii usiweke sahihi mpaka umwone mwalimu mkuu.

Siku moja nikampelekea fomu niliyodhani ni ya safari ya darasa. Akaisoma mara mbili. Akaniambia, mama, hapa wanaomba ruhusa mtoto atolewe darasa la kawaida aende darasa la wanaojifunza lugha, na hawajaandika atarudi lini. Akaniandikia maswali matatu nikaulize: atapimwa lini, nani ataamua arudi, na hesabu atasoma wapi. Nikaenda nayo yameandikwa kwenye karatasi. Mwanangu alibaki darasani akapewa msaada humohumo. Jirani yetu wa chini alikuwa ameshaweka sahihi. Mtoto wake alikaa kule mpaka wenzake wakamuacha mbali kwenye hesabu, na hesabu ndiyo ilikuwa inambeba.

Watoto wale wawili walikuwa wa mtaa mmoja na shule moja. Ila mama mmoja alimjua yule baba, mwingine hakumjua.

Nyuki wa Mlimani #10
Mama Wawili umenikumbusha mbali. Kila mtaa ungekuwa na mtu kama huyo…

Baba Tausi #11
Kwetu Marekani hoja ni pesa. Shule za umma zinategemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo husika. Nyumba za thamani, shule tajiri. Nyumba za bei ndogo, shule maskini, hata kama wenyeji wanajitoza kiwango kikubwa zaidi. Wazazi wa wilaya ya shule ya Edgewood, San Antonio, wengi wao wenye asili ya Mexico, walipeleka shauri mpaka Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Majaji wakasema katiba ya nchi haitaji elimu kama haki ya msingi.

Kwa hiyo ukiniambia nikague daftari la mtoto, nakagua. Lakini mwalimu wa fizikia siwezi kumkagua kama hayupo.

Dereva Usiku #12
Ongezea kwamba miaka tisa baadaye, 1982, mahakama hiyohiyo, tena 5 kwa 4, iliizuia Texas isiwanyime shule watoto ambao wazazi hawana makaratasi. Mlango wakaufungua. Ila ubora wa kilichomo ndani wakaachia anwani yako.

Kalamu Nyekundu #13
Baba Tausi uko sahihi kuhusu 1973, ila tangu hapo mahakama za majimbo kadhaa zimelazimisha majimbo kuongeza fedha kwenye wilaya maskini. Kwa hiyo pengo si sawa kila jimbo. Anayetaka kuhama aangalie jimbo kwanza, mtaa baadaye.

Baba Tausi #14
Pengo likipungua halijaisha, mkuu.

Sindano #15
Narudi. London. Watoto maskini wa London wanafanya mitihani vizuri kuliko watoto maskini wa sehemu nyingine za Uingereza. Mchumi Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol alichambua mwaka 2014, akaonyesha siri kubwa ni kwamba London imejaa watoto wa wahamiaji na wa jamii za wachache, ambao nyumbani kwao elimu inashikiliwa kwa meno. Mitaa yao mingi ni maskini, nyumba zimebanana, na bado wanawapita wenyeji wenye hali sawa na yao. Mnasemaje?

Mama Wawili #16
Tunasema usisahau kwamba mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango maalumu wa shule za London. Shule zilizofaulu zikapewa kazi ya kuzishika mkono zilizoshindwa, na wakuu wa shule wakapigwa msasa. Ukaendelea mpaka 2011. Hamu ya mzazi ilikuta shule iliyojiandaa. Hamu peke yake huku kwetu tunayo tele.

Kalamu Nyekundu #17
Na wapo watafiti walioonyesha kwamba matokeo ya shule za msingi za London yalianza kupanda miaka ya 1990, kabla ya mpango huo wa 2003, ambao hata hivyo ulianzia sekondari. Kwa hiyo kila upande una kipande chake.

Mpita Njia #18
Nyie mnabishana kwa adabu mpaka raha. Endeleeni, niko hapa nasoma.

Rhein #19
Salaam kutoka Ujerumani. Huku mtaa unaamua mapema kuliko kwenu wote. Majimbo mengi shule ya msingi ni miaka minne tu, Berlin na Brandenburg ndiyo sita. Mtoto ana miaka kumi anachambuliwa: huyu aende Gymnasium, njia ya chuo kikuu, huyu aende njia nyingine. Mwalimu anatoa pendekezo, na majimbo mengine pendekezo hilo lina nguvu sana. Sasa mtoto aliyefika ana miaka nane amepata miaka miwili tu ya kujifunza Kijerumani kabla ya kuchambuliwa. Ukikaa mtaa ambao watoto wa majirani wako Gymnasium, unajua kwamba pendekezo si hukumu, unaweza kulijadili, na baadaye kuna njia za kupanda. Ukikaa mtaa ambao hakuna aliyewahi kwenda, unaipokea karatasi na kumshukuru mwalimu. Niliwaona wazazi wakishukuru.

Kibaraza una bahati kwa hilo. Sweden watoto wanasoma pamoja mpaka darasa la tisa.

Theluji #20
Rhein, pamoja kwenye karatasi. Niko Sweden pia. Tangu 1992 mzazi anaweza kuchagua shule, ikiwemo zile za binafsi zinazolipiwa na fedha za umma, bila ada. Mtoto wa ghorofa la wageni anaweza kusoma na watoto wa mtaa wa wenyeji bila kuhama nyumba. Kibaraza, mwalimu hakukwambia hilo?

Ila sikiliza kasoro yake. Nyingi ya hizo shule za binafsi zinapokea kwa foleni, aliyejiandikisha mapema ndiye anayeingia. Wenyeji wanaojua wanaandikisha mtoto angali mchanga. Wewe uliyefika mtoto ana miaka sita utasimama nyuma ya watu waliopanga foleni toka wodini. Hakuna sheria inayomfukuza mgeni, na bado mgeni hamo.

Kibaraza #21
Theluji, hilo la foleni ndiyo kwanza nalisikia. Nina wa pili ana mwaka mmoja. Kesho asubuhi naandikisha.

Theluji #22
Usingoje kesho. Ni kwenye mtandao, usiku huuhuu.

Lubumbashi–Lyon #23
Ndugu zangu, Ufaransa ni kinyume. Tangu 1963 kuna ramani ya shule: anwani yako ndiyo inayokupa shule. Waliilegeza 2007 lakini bado ipo. Wenye maarifa wanaikwepa, anatumia anwani ya shangazi, au anachagua somo ambalo halifundishwi shule ya mtaani ili mtoto apelekwe kwingine. Toka 1981 serikali inaongeza walimu na fedha kwenye maeneo yenye shida, na kuanzia 2017 darasa la kwanza kwenye shule zenye hali ngumu zaidi walilikata nusu, watoto kama 12 kwa mwalimu. Mpwa wangu alipita humo, alisoma haraka kweli. Tatizo, eneo likishapewa jina la eneo la shida, wazazi wenye uwezo wanalikimbia, na walimu wazoefu nao wanaomba uhamisho.

Nyuki wa Mlimani #24
Hapo kwenye kukimbia kuna jambo. Thomas Schelling, mchumi aliyepata Nobel 2005, alionyesha mwaka 1971 kwamba huhitaji watu wenye chuki ili mitaa igawanyike. Inatosha kila familia itake tu isiwe peke yake kupita kiasi. Mmoja anahama, uwiano unabadilika, wa pili naye anaona bora ahame, mpaka wanabaki wa aina moja. Shule inafuata mkondo huohuo. Na yule mhandisi wa Mama Wawili akihama naye? Ghorofa linabaki na nani wa kusoma barua?

Kibaraza, sikwambii ubaki. Nasema ushauri wa mwalimu wako ni mzuri kwa mwanao na mbaya kwa waliobaki, yote mawili kwa wakati mmoja.

Mama Wawili #25
Alihama. Alipata kazi ya uhandisi mji mwingine, na tulifurahi kwa ajili yake. Lakini toka hapo barua zinasomwa na watoto.

Sindano #26
Denmark wameamua kulazimisha. Sheria ya 2018: ukiishi kwenye eneo lililoko kwenye orodha yao, mtoto akifika mwaka mmoja lazima apelekwe kituo cha kulelea watoto saa 25 kwa wiki ajifunze lugha na desturi. Mzazi akigoma, posho ya mtoto inakatwa. Nikiangalia hali ya lugha za watoto wetu, siioni ni mbaya.

Dereva Usiku #27
Mimi naiona mbaya. Jirani yako mwenye mapato kama yako, anaishi barabara ya pili, halazimishwi. Na kwenye orodha yao iliyo kali zaidi, kigezo kimoja ni zaidi ya nusu ya wakazi kuwa na asili ya nchi zisizo za Magharibi. Mtoto anajifunza mapema kwamba anwani yake ni kosa. Lugha itolewe bila fimbo, watu wataipeleka miguu yao wenyewe.

Sindano #28
Wasipoipeleka?

Dereva Usiku #29
Uliza kwanza kituo kina nafasi, na kinafunguliwa saa za shifti zetu.

Ulyankulu #30
Mnazungumza Ulaya na Marekani tu, wakati wakimbizi wengi wa ukanda wetu wako hukuhuku. Tanzania watoto wa makambi kama Nyarugusu wamekuwa wakisoma mitaala ya kwao, ya Kongo na ya Burundi. Kenya, Kakuma na Dadaab, wanasoma mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ya taifa ya Kenya. Hapo mtaa maana yake ni uzio wa kambi, na ndio unaoamua cheti chako kitatambulika wapi.

Warundi wa 1972 waliwekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakapewa mashamba, watoto wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili, na mwaka 2014 wakimbizi hao na watoto wao, kama 162,000, walipata uraia. Nimesoma na watoto wa pale, darasani usingemtambua nani ni nani. Makazi yalikuwa ya Warundi watupu, porini, mbali na miji. Kwa hoja za juu wangetakiwa kupotea. Kilichowabeba ni kwamba shule iliwaunganisha na nchi waliyomo.

Kalamu Nyekundu #31
Mchango mzito. Ila wapo wanaotetea mitaala ya kwao kwa hoja kwamba mtoto akirejea asianze upya. Waliorudi Burundi wakiwa wamesoma kwa Kiswahili walikuta shule za Kirundi na Kifaransa.

Ulyankulu #32
Ndiyo. Lakini kuna waliozaliwa Nyarugusu wakazaa palepale. Watangoja kurejea mpaka lini?

Rhein #33
Hilo la Ulyankulu linafanana na la Wavietnamu wa New Orleans mashariki. Wanasosholojia Min Zhou na Carl Bankston waliwachunguza: mtaa maskini, shule za kawaida tu, lakini watoto waliofungamana na jamii yao walifanya vizuri. Walioweza kusoma na kuandika Kivietnamu ndio waliokuwa na alama nzuri zaidi. Kila mtu mzima pale alikuwa anajua mtoto wa nani yuko darasa gani, na akimkuta nje saa za shule habari inafika nyumbani kabla yake. Mke wa Kibaraza #1 anaujua mtaa wake kuliko tunavyomdhania.

Mchambuzi Huru #34
Lakini jamii inayomlinda ndiyo hiyohiyo inayoweza kumbana. Zhou huyohuyo pamoja na Alejandro Portes waliandika 1993 kwamba watoto wa wahamiaji hawaendi njia moja. Wengine wanapanda wakaingia tabaka la kati la wenyeji, wengine wanazama kwenye umaskini wa mtaa, wengine wanapanda huku wakishikilia jamii yao. Inategemea kundi limepokelewaje na limekuja na nini. Ya Wavietnamu usiibandike kwa kila mtu.

Kibaraza #35
Shukrani wakuu, mke wangu kausoma uzi wote hadi #33, na hapo kaniita aninyooshee kidole. Tulichokubaliana ni kujaribu shule nyingine kwanza, nyumba baadaye. Ila Rhein amezua swali. Mwanangu Kiswahili anaongea vizuri, kusoma hawezi. Shule inasema haina mwalimu wa lugha yetu. Ndiyo mwisho?

Theluji #36
Si mwisho. Kwa shule za halmashauri hesabu ni ya halmashauri nzima, si ya shule moja. Wakipatikana wanafunzi watano wanaotaka lugha hiyo, na mwalimu anayefaa akapatikana, wanatakiwa kuandaa somo. Mtoto awe anaitumia lugha kila siku nyumbani na awe na msingi wake. Tafuta wazazi wengine wanne, wote mjaze fomu muhula mmoja. Na uulize pia kuhusu msaada wa masomo kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ni huduma tofauti, mtu anakaa na mtoto anamweleza sayansi au historia kwa Kiswahili pale Kiswidi kinapokwama.

Mama Wawili #37
Wakongo wa mtaani kwako wengi wanaongea Kiswahili. Usihesabu Watanzania na Wakenya tu.

Kibaraza #38
Ghorofa la tatu wapo familia mbili. Nashuka sasa hivi.

Lubumbashi–Lyon #39
Na kama mtoto amezaliwa huko, nyumbani anajibu kwa Kiswidi tu?

Theluji #40
Atapata shida kuonyesha ule msingi. Anza kuongea naye leo, fomu za muhula ujao hazijafungwa.